Mradi ulipata asilimia 100, akina mama wanaupita na punda. Mafanikio ya mradi tunayapimaje?

#1 Kalamu ya Njiro

Wakuu, habari za jioni. Huku Njiro mvua imeondoka na umeme, chaji ya laptop imebaki kidogo, kwa hiyo nitakapokosea mnisamehe.

Kazi yangu ni ufuatiliaji na tathmini. Yaani mimi ndiye yule anayefika kijijini na fomu wakati mafundi wameshaondoka. Mwaka 2016 nilikuwa mgeni kazini, asasi fulani (siitaji) ikanipa niandike ripoti ya kufunga mradi wa maji katika kijiji kimoja chini ya Mlima Meru, upande mkavu. Kisima kirefu, pampu ya sola, tenki la lita 50,000, vilula tisa vya kuchotea maji. Mkandarasi alimaliza siku 11 kabla ya muda. Fedha ikabaki kidogo, tukainunulia kamati baiskeli mbili. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kituo kiwe ndani ya mita 400, kihudumie watu 250, kila mtu apate lita 25 kwa siku. Tukapima, vyote vimo. Nikaandika "malengo yamefikiwa kwa asilimia 100". Ripoti ile ilinipandisha cheo, siwafichi.

Mwezi uliopita nimepita kijiji hicho hicho nikienda msibani. Vilula saba kati ya tisa bado vinatoa maji. Kwa miaka iliyopita, hiyo ni alama nzuri kuliko miradi mingi niliyoitembelea. Nikasimama kwenye kilula cha karibu na kanisa ninawe vumbi. Wakapita akina mama wanne na punda wao, madumu matupu yanagongana. Hawakugeuka hata kuliangalia bomba. Wakashika njia ya korongoni. Nikamuuliza mmoja, mama, huko si mbali? Akacheka: "Ukiwa na punda si mbali."

Sasa Jumatatu bosi kanipa andiko la mradi mpya. Ukurasa wa pili una kisanduku: "Mafanikio ya mradi yatatambuliwaje?" Maneno yasizidi 150. Leo siku ya nne nakiangalia. Wenye uzoefu, nyie mnajaza nini?

#2 Bisi na Soda

Mada za watu wenye laptop hizi. Nimekaa paleee, nawasoma.

#3 PembeTatu

Mkuu Kalamu, usiteseke na kisanduku. Jibu lake lina zaidi ya miaka 50. Mwaka 1969 Mwingereza Martin Barnes alichora pembetatu: muda, gharama, na ubora wa unachokabidhi. Ukivuta pembe moja, nyingine zinasogea. Unataka madarasa yaishe mapema? Ongeza fedha, au kubali sakafu nyepesi. Ukitoka salama kwenye pembe zote tatu umefaulu, nenda kalale.

Na usisubiri mwisho ndiyo upime. Kuna hesabu inaitwa thamani iliyopatikana, ilianzia kwenye miradi ya ulinzi ya Marekani miaka ya 1960. Chukua madarasa 10, milioni 200, miezi 10. Mwezi wa tano unapoisha ulipaswa uwe na kazi ya milioni 100. Unafika saiti, unakuta madarasa manne, yaani kazi ya milioni 80. Vocha zinaonyesha zimetoka milioni 95. Sasa 80 gawa kwa 95 ni 0.84, maana yake kila shilingi inayotoka inarudi na kazi ya senti 84. Kisha 80 gawa kwa 100 ni 0.8, umechelewa. Mtu asiyejua hesabu hii atasimama kikaoni aseme "nusu ya muda imepita, tumetumia chini ya nusu ya bajeti, tuko vizuri", na watu watampigia makofi.

Mradi wako wa 2016 ulifaulu, mkuu. Akina mama kwenda korongoni ni suala la tabia.

#4 Fomeni wa Sakina

PembeTatu, hiyo hesabu nimeipenda, kesho naingia nayo saiti. Ila hayo madarasa manne nani kakuambia yameisha? Darasa lililofika renta na darasa lililopauliwa ni vitu viwili. Fundi akikwambia "imebaki finishingi tu", ujue imebaki nusu ya fedha na robo tatu ya ugomvi. Hesabu yako yote imekaa juu ya neno la mtu kama mimi, na mimi Ijumaa nikitaka malipo nina maneno matamu.

Lakini nikutetee kwenye muda. Wapo wanaoudharau, wanasema la maana ni uendelevu. Mwaka 2021 madarasa ya UVIKO yalikuwa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kila moja, na yalitakiwa yawe tayari wanafunzi wakiingia Januari 2022. Nilijenga mawili. Tulilala saiti, saruji ilipanda bei, mchanga tuligombania. Kwa mtoto aliyekuwa anaanza kidato cha kwanza, darasa zuri sana la mwezi wa sita lisingemsaidia kitu. Kwake tarehe ndiyo ilikuwa mafanikio. Kwa hiyo tusiitukane pembetatu hovyo.

#5 Mama Nai

Samahani kaka Kalamu, mimi si msomi wa miradi, nauza nyanya Tengeru. Ila kwetu ni huko huko upande wa Ngarenanyuki, nimesoma bandiko lako nikacheka kama huyo mama wa punda. Maji ya hicho kisima mlipima magadi?

#6 Kalamu ya Njiro

Mama Nai, hapo umenigusa penyewe.

Tulipima. Cheti cha maabara ninacho mpaka leo, niliambatanisha mwenyewe. Floraidi, hayo unayoyaita magadi, miligramu 3.2 kwa lita. Kwa wasiotoka huku: milima yetu hii ni ya volkano, miamba inaachia floraidi kwenye maji ya chini. Hayo meno ya kahawia mnayowatania nayo watu wa Arusha yanatoka humo. Mtoto akinywa maji ya namna hiyo wakati meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya fizi, yanaota na madoa na hayasafishiki. Yakizidi sana kwa miaka mingi, yanaingia mpaka kwenye mifupa. Na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, floraidi inabaki palepale.

Sasa angalieni. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Kwetu kwa sababu ya hali ya maji yetu kiwango kiliwahi kuwa 8, baadaye kikashushwa kikawa 4, kisha viwango vya 2018 vikakileta 1.5. Mwaka 2016 nilipoandika ripoti, 3.2 ilikuwa chini ya 4. Nikaweka tiki. Kisima kile kile, maji yale yale: kilifaulu kwenye ripoti yangu, na kingefeli kama ningeiandika miaka mitatu baadaye.

#7 PembeTatu

Basi si umejijibu? Ulifuata kiwango kilichokuwepo. Mtihani ukibadilishwa baada ya wewe kuufanya huwezi kuambiwa ulifeli.

#8 Mama Nai

Mtihani ni wenu, meno ni yetu.

#9 Bisi na Soda

Uuuwi. Uzi ufungwe, mshindi kapatikana.

#10 Vocha

Usifungwe kwanza, wahasibu hatujaongea.

Nimefanya kazi kwenye asasi tatu hapa mjini. Niwaambie jinsi mafanikio yanavyopimwa ofisini, achana na vitabu: fedha imeisha? Mfadhili ametoa bajeti ya mwaka, ukifika mwezi wa kumi umetumia asilimia 55, simu zinaanza. Ukibakiza, mwakani unapunguziwa. Kwa hiyo ukiona hoteli za Arusha zimejaa semina mwishoni mwa mwaka, usidhani ni utalii. Nimewahi kulipia mafunzo ya siku tatu ambayo kwenye ripoti yaliandikwa "washiriki 240 wamejengewa uwezo". Idadi ilitoka kwenye karatasi za mahudhurio, siku tatu zimejumlishwa. Watu walikuwa 80. Na katika hao 80 namjua mmoja aliyekuwa dereva wa mwenyekiti, aliingia ukumbini kwa sababu ya supu.

Vigezo vya maana vipo. Tangu 1991 wafadhili wa OECD, ule umoja wa nchi tajiri, wana vitano: mradi unaendana na shida ya watu? Umefikia lengo? Fedha imetumika kwa tija? Umebadilisha nini? Utaendelea mkiondoka? Mwaka 2019 wakaongeza cha sita, kama unapatana na miradi mingine iliyopo mahali hapo. Vizuri sana kwenye karatasi. Ila mimi nimeshuhudia kile cha uendelevu kinavyojazwa saa tano usiku, andiko linatakiwa saa sita: "Jamii itaumiliki mradi." Sentensi hiyo nimeinakili kutoka andiko moja kwenda jingine mara sijui ngapi. Hata jina la kijiji siku moja nilisahau kubadilisha.

#11 Fomeni wa Sakina

Dada Vocha 😂😂 na fedha wakatoa?

#12 Vocha

Wakatoa.

#13 Abiria

PembeTatu, nikuulize swali moja tu. Reli ya TAZARA ilifaulu au ilifeli?

Kilomita 1,860, Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Ilianza kujengwa 1970, mwaka 1975 reli imefika mwisho, kabla ya muda uliopangwa, 1976 ikakabidhiwa. Mahandaki, madaraja, Mlimba kwenda Makambako kule hata mbuzi anapanda kwa tahadhari. Kwa pembetatu yako hiyo ni alama A. Ilijengwa ibebe tani milioni mbili kwa mwaka. Haijawahi kufika.

#14 PembeTatu

Kusimamia mradi na kuendesha shirika ni kazi mbili. Wajenzi walikabidhi reli. Kilichofuata si mradi tena.

Na ukitaka kinyume chake, angalia jumba la opera la Sydney. Lilianza kujengwa 1959, likakadiriwa dola milioni 7 za Australia na miaka minne. Likafunguliwa 1973, limekula milioni 102. Mchoraji wake Jørn Utzon aliacha kazi 1966 katikati ya ugomvi. Kwa pembetatu ni maafa matupu. Leo Australia bila picha ya jumba hilo hujui uanzie wapi, na tangu 2007 liko kwenye urithi wa dunia. Nakubali kwamba pembetatu haisemi kila kitu. Nasema tu msimbebeshe msimamizi wa mradi dhambi za watu wanaokuja baada yake.

#15 Fomeni wa Sakina

Kwa hiyo nikimchelewesha mteja wangu miaka kumi na bei nikazidisha mara 14, mjukuu wake atanishukuru?

#16 Abiria

Ukijenga la Sydney, ndiyo. Ukijenga fremu za maduka Sakina utafungwa.

Ila PembeTatu na mimi nijirekebishe, nilikutega. Hizo tani milioni mbili ni kipimo cha wahandisi. Waliotaka reli ile, Nyerere na Kaunda, walikuwa na kipimo kingine: shaba ya Zambia itoke bila kuomba njia kwa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Makaburu. Mpaka wa Rhodesia na Zambia ulifungwa 1973, reli ikiwa bado inatandikwa. Kwa swali lile, reli ilijibu. Zimbabwe ilipopata uhuru 1980, njia za kusini zikafunguka zaidi, na swali lenyewe likahama. Reli ikabaki na jibu la swali ambalo hakuna anayeliuliza tena.

#17 Mzee wa Mabogini

Wanangu hamjambo. Mjukuu kanisomea huu uzi tangu mwanzo, na yeye ndiye anayeandika, mimi nasema.

Mnakwenda Sydney na Kapiri Mposhi, na mfano mnao hapa Moshi, kilomita chache kutoka stendi. Mimi nilishuka kutoka Uru kijana, nikapata ploti kwenye skimu ya Lower Moshi. Mradi ule ulikamilika 1987 kwa ushirikiano na Wajapani. Hekta 2,300, katika hizo 1,100 za mpunga. Ploti zilikatwa kwa kamba, mita 100 kwa 30, kila moja na mfereji wa kuingiza na wa kutoa maji. Kabla yake ukilima mpunga kwa kienyeji ukipata tani mbili kwa hekta umechinja jogoo. Wakaleta mbegu ya IR54, mbolea, trekta, wakatufundisha kupanda kwa mistari, tukafika tani sita. Yaani katika kiploti kile nilivuna magunia 18. Gunia la kwanza nililipeleka kwa mama yangu Uru, akaliweka sebuleni wiki nzima watu waje waone.

Wageni walikuja kwa mabasi. Kila aliyetaka kuona kilimo cha umwagiliaji kilichofaulu aliletwa kwetu. Mwaka 1994 kikaanzishwa chuo, KATC, ili wakulima wa sehemu nyingine nao wajifunze. Kwa vipimo vyenu vyote hapo juu, andikeni mia.

Sasa sikilizeni. Waliokaa juu yetu, mto unapopita kabla ya kufika kwenye banio letu, walikuwa wanaona. Walikuwa wanalima mahindi. Wakamuuliza shemeji, wakamuuliza binamu, mbegu ikapanda kwa mfuko wa rambo, na wao wakafungua mifereji kutoka Njoro na Rau, wakalima mpunga. Hawakupewa semina. Hawakuwa kwenye mradi. Walikuwa na macho tu. Na maji ni yale yale. Miaka haikupita mingi, ploti za mwisho wa mfereji zikaanza kukauka. Yangu ilikuwa ya mwisho wa mfereji. Mimi mwenye ploti ya mradi, yenye namba, yenye ramani, nikarudi kupanda mahindi, na mtu wa juu asiyekuwa kwenye daftari la mtu yeyote anavuna mpunga.

Wakaja watu wa tathmini, vijana kama wewe Kalamu. Wakapima ndani ya mipaka ya skimu wakaona eneo la mpunga limepungua. Wakaandika changamoto. Nikawaambia, pandeni juu muone, mpunga umejaa. Wakasema baba, huko nje ya mradi.

Mimi mpaka leo sijui niseme ule mradi ulifaulu au ulifeli. Ulifaulu mno, ukaninyang'anya maji.

#18 Kalamu ya Njiro

Shikamoo mzee. Nimesoma bandiko lako mara tatu.

#19 PembeTatu

Shikamoo mzee. Naomba niulize kwa heshima: mngefanyaje? Mradi hauwezi kuweka mipaka duniani kote. Lazima useme hapa ndipo ninapoishia.

#20 Mzee wa Mabogini

Marahaba wanangu.

Ungemuuliza mtu wa mfongo. Kule mlimani, Uru, Kibosho, Machame, Marangu, mifereji ya mababu ilikuwepo kabla ya Mzungu wa kwanza kuupanda huo mlima. Mfongo ulikuwa na wenyewe, ukoo, na mzee wake. Huwezi kutoboa mfongo mpya juu ya mfongo wa wenzako mkaendelea kusalimiana. Siku ya kusafisha mtu asipokuja analipa, kama hana cha kulipa zamu yake ya maji inarukwa. Yaani kitu cha kwanza kilichokubaliwa kilikuwa nani ananywa baada ya nani. Kuchimba kulifuata.

Na mfongo haukabidhiwi. Sijawahi kuona mtu kakata utepe kwenye mfongo. Mjukuu anasema niache, betri ya simu inakwisha.

#21 Fomeni wa Sakina

Mzee umenikumbusha utepe. Sisi mafundi tuna siku yetu ya hukumu, nayo ni mwenge. Ukisikia mradi wako uko kwenye njia ya mbio za mwenge, hulali. Sisemi kwa ubaya, kiongozi wa mbio akifika anataka nyaraka, anagonga plasta, anaweza kukataa kuzindua mbele ya watu wote, na hiyo aibu huitoi kwa sabuni. Kuna usiku tulipaka rangi kwa taa za pikipiki. Asubuhi mkono wa mgeni ukatoka na rangi ya krimu, tukajifanya hatuoni. Tukapita.

Lakini kipimo kinachoniogopesha kweli ni kingine, hakina nyimbo: kipindi cha matazamio. Mkataba unakwisha, umekabidhi, ila sehemu ya fedha yako imezuiliwa, mara nyingi kwa miezi 12. Nyufa zikitoka, unarudi kuziba kwa gharama yako. Nakwambia kipindi hicho kila mvua ikinyesha usiku nawaza paa. Hakuna semina ya uadilifu iliyowahi kunifanya nichanganye zege vizuri kama ile fedha iliyozuiliwa.

Ndiyo swali langu kwa Kalamu. Mimi fundi wa fremu za maduka nina miezi 12 ya kubanwa. Wewe uliyeandika asilimia 100, matazamio yako ni miezi mingapi?

#22 Vocha

Sifuri. Nimekujibia.

#23 Kalamu ya Njiro

Sifuri kweli. Mkataba wangu uliisha kabla rangi ya vilula haijakauka.

Nimekaa na hili swali la fomeni tangu jana, nikafanya hesabu ya kijinga. Mtoto aliyezaliwa kijijini kwenye mwezi wa uzinduzi, 2016. Meno ya mbele ya ukubwani yanaota akiwa na miaka sita au saba. Hiyo ni 2022, 2023. Yaani kama kuna siku ripoti yangu ingeweza kusomwa kwa ukweli, ni siku mtoto huyo alipotabasamu darasa la kwanza. Ofisi yetu ilishahama majengo mara mbili kufikia hapo.

PembeTatu, sikupingi kwamba msimamizi hawezi kubebeshwa kila kitu. Ila angalia nilichokifanya mimi: nilipima umbali wa kilula, nikaandika kana kwamba nimepima maji yanayoingia mdomoni.

#24 PembeTatu

Hapo nakubali, na nitasema zaidi. Mwaka 1994 kampuni ya Standish Group ya Marekani ilitoa ripoti kwamba asilimia 16 tu ya miradi ya programu za kompyuta ilikuwa imefaulu. Takwimu hiyo nimeitumia kufundishia miaka kadhaa. Ukiuliza kufaulu walimaanisha nini: muda, bajeti, na yote yaliyoahidiwa yametolewa. Programu iliyochelewa miezi miwili na inatumiwa na watu kila siku haimo kwenye 16. Iliyowahi na hakuna anayeifungua imo. Nilikuwa naliona hilo, nikawa nalipita kwa sababu slaidi ilikuwa nzuri.

Mama Nai, lile neno la tabia naliondoa.

#25 Mama Nai

Limeondoka mwanangu, hakuna shida.

Mimi nieleze kitu kimoja ambacho nadhani kaka Kalamu hakukiona, kwa sababu wanaume hamchoti. Nyumbani kwetu kuna ndoo mbili. Ya kufulia, kuoshea vyombo na ya ng'ombe, hiyo maji ya bomba tunachota bila neno, tena tunashukuru, zamani hata hayo hayakuwepo. Halafu kuna ndoo ya kunywa. Ya kwetu inafungwa kitambaa chekundu kwenye mpini ili mtoto asikosee. Ile haiendi kilulani. Inakwenda na punda.

Ukija na fomu ukaniuliza "mama, unatumia maji ya mradi?" nitajibu ndiyo, na sijakudanganya. "Kila siku?" Kila siku. Ukaandika ndiyo, ndiyo, ukaondoka. Hukuuliza ndoo gani.

#26 Fomeni wa Sakina

Na maji ya korongoni yenyewe yamepimwa? Isije ikawa tunakimbia magadi tunakumbatia homa ya matumbo.

#27 Kalamu ya Njiro

Swali zuri fomeni. Sampuli nimechukua wiki hii, ya floraidi na ya vijidudu, iko maabara, majibu bado. Pale Ngurdoto nimepita pia, kwenye kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, nikaona chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Linafanya kazi, lakini mkaa unachoka na lazima mtu aubadilishe. Kwa hiyo linarudi kulekule kwa mzee wa mfongo: nani, lini, asipofanya analipa nini.

Kisanduku bado hakijajaa. Bosi kaongeza siku mbili. Lakini Jumamosi nimefanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya miaka yote ya kazi hii. Nimekwenda kijijini bila fomu, nikakaa kwenye jiwe karibu na kilula cha kanisa, saa 12 asubuhi mpaka saa nne. Sikumuuliza mtu kitu. Nilihesabu ndoo na madumu, na nikaangalia mpini wa kila kimoja.

Vimepita 61. Vyenye kitambaa, vinne.

#28 Mama Nai

Hivyo vinne vya nani?

#29 Kalamu ya Njiro

Niliulizia baadaye. Vya nyumba za walimu. Wamehamia mwaka huu, wanatoka mbali, wote wana watoto wadogo.

#30 Mama Nai

Mtu amewaambia?

#31 Kalamu ya Njiro

Nimepanda pikipiki sasa hivi mama, narudi huko.